Mahubiri kwa Fundi Seremala

14 Februari 1988

Baba,

Shikamoo. Barua hii nakuandikia nikiwa ofisini kwangu. Nisomee neno hilo polepole, ofisini kwangu, maana mimi mwenyewe bado sijalizoea. Mpaka wiki iliyopita chumba hiki kilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti kumi na viwili, kila kimoja na mguu pungufu, vimeegemezwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Vimehamishwa, ila kimoja nimekibakiza makusudi. Mwanafunzi akija kubishana nami kuhusu maksi, namkaribisha akikalie.

Basi kazi ya kufundisha mahubiri katika chuo hiki cha wachungaji imeanza. Mkuu wa chuo ni mzee mpole ambaye hukohoa kwanza kabla ya kutoa maoni. Siku ya kwanza alikohoa mara mbili, akaniambia kuhubiri ni kipawa, hakufundishwi. Nikamuuliza kwa adabu kwa nini basi ameniajiri. Akasema ni bodi iliyotaka, akaniagizia chai.

Wanafunzi ni kumi na tisa. Kila Alhamisi mmoja anapanda mimbarini kwenye kanisa dogo la chuo na kuhubiri dakika kumi na mbili, sisi wengine tunasikiliza na kuandika. Wiki hii alipanda kijana mmoja ambaye wenzake wanamwita Radi. Alihubiri dakika arobaini. Madirisha yalitetemeka, Baba, sikutanii. Alipomaliza nilimwomba aniambie mahubiri yake kwa sentensi moja. Akaanza kuhubiri upya.

Baba watoto amenunua redio kaseti yenye kurekodi. Nikihubiri atakuwa ananirekodi, nami nitakutumia kaseti, ili Jumapili mchana uwe na mtu wa kubishana naye. Ya kwanza iko ndani ya bahasha hii. Usinihurumie.

Binti yako,
Kasuku

6 Machi 1988

Kasuku,

Marahaba. Barua imefika na kaseti imefika, haikuvunjika, ingawa karani wa posta aliitikisa sikioni akitaka kujua ni kitu gani. Nikamwambia ni binti yangu. Akacheka.

Tumeisikiliza, mimi na shangazi yako. Yeye alikaa kwenye kiti cha marehemu mama yako, mimi nikakaa mbele ya redio kabisa. Shangazi yako anasema ulianza kwa haraka kama mtu anayekimbilia basi, lakini katikati ukatulia. Anasema ile habari ya mwanamke aliyefagia nyumba nzima akitafuta kitu kimoja uliisimulia vizuri, mpaka yeye mwenyewe akatazama chini ya kiti. Nami ndivyo ninavyosema.

Karakana ina kazi tele. Shule imeagiza madawati sitini, kwa hiyo mashine ya kuranda inalia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Majirani wananuna. Mimi hainisumbui.

Hiyo mimbari yenu ina kimo gani? Wewe ni mfupi kama mama yako. Kama watu wanaona paji la uso tu, niandikie vipimo nikutengenezee kibao cha kusimamia. Mhubiri lazima aonekane mdomo.

Endelea kutuma.

Baba yako,
Fundi

19 Mei 1991

Baba,

Shikamoo. Kibao bado kinanifaa, na juzi profesa mmoja mgeni alikisimamia, akaniomba anwani ya fundi.

Sasa keti, nina habari. Mkuu wetu anastaafu mwezi wa saba. Amekohoa mbele ya walimu wote na kututangazia. Bodi inatafuta mkuu mpya, na watu wanataja jina langu. Sikulitaja mimi, nakuapia. Alianza mkutubi, akafuata mwalimu wa lugha za kale, na jana mpishi wa chuo aliniongezea kijiko cha sukari bila kuombwa, nikajua habari zimefika jikoni.

Najua ni mapema. Nimekuwa profesa mwaka mmoja tu. Lakini nikipita kwenye ukumbi ambao paa lake linavuja, au nikiona wanafunzi wamepanga foleni kwenye choo kimoja kizima, kichwa kinaanza kupanga chenyewe: hili lingefanywa hivi, lile vile. Usimwambie mtu. Na shangazi naye asimwambie mtu, ingawa najua hilo ni kuomba mengi.

Kasuku

2 Juni 1991

Kasuku,

Marahaba, mheshimiwa. Sijamwambia mtu. Shangazi yako amewaambia watu saba, lakini mimi sijamwambia mtu.

Nimechagua mbao nzuri na kuziweka pembeni, zikauke taratibu. Mkuu wa chuo hawezi kukaa kwenye meza ya kukopa. Usiniambie nisubiri, mbao hazijui kusubiri tangazo.

Mama yako angekuwapo angeshashona gauni.

Fundi

21 Julai 1991

Baba,

Shikamoo. Naandika mbio, ibada inaanza saa nne. Sisi wazima, watoto wanaota meno na ukaidi kwa pamoja. Ile habari ya ukuu wa chuo bado iko kwa bodi, wanafikiri, usiwe na haraka na hiyo meza. Kaseti ya mwezi huu iko ndani. Ni mahubiri ya Jumapili iliyopita, juu ya yule mwana aliyerudi nyumbani.

Kasuku

5 Agosti 1991

Baba,

Shikamoo, na samahani. Kama kaseti imefika, tafadhali usiisikilize. Baba watoto alichanganya. Mahubiri yangu yapo hapa mezani, na uliyotumiwa wewe ni kaseti nyingine kabisa ambayo si ya masikio yako. Irudishe kwenye bahasha, unitumie kwa posta. Nitakueleza.

Kasuku

7 Agosti 1991

Kasuku,

Marahaba. Kaseti imefika salama na nimeisikiliza yote, pande zote mbili. Shangazi yako hayupo, amekwenda kumtazama binti yake aliyejifungua, atakaa wiki sita. Kwa hiyo safari hii nimesikiliza peke yangu.

Mwanangu, hujawahi kuhubiri hivi. Ulianza kwa upole, halafu pale katikati ulipopandisha sauti nikahisi moyo unanienda mbio. Habari ya yule kijana kurudi nyumbani umeieleza kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Baba yake alivyotoka mbio kumlaki, nilimwona kabisa. Na ule mwisho! Nilikaa kimya muda mrefu kaseti ilipokwisha.

Mungu akubariki. Bodi ikisikia mahubiri haya haitafikiri tena.

Baba yako,
Fundi

19 Agosti 1991

Baba,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka baba watoto akaja kuchungulia. Mara ya pili sikucheka.

Kaseti uliyoisikiliza pande zote mbili ni kikao cha walimu. Katibu aliazima redio yetu kurekodi kikao, na baba watoto akachukua kaseti ile akidhani ni yangu. Anayeanza kwa upole ni bwana stoo, anasoma orodha ya mabati. Anayepandisha sauti katikati ni mwalimu wa maadili, analalamika kwamba choo cha walimu hakina mlango tangu mwezi wa nne. Hakuna kijana anayerudi nyumbani. Hakuna baba anayekimbia. Mwisho wake, uliokufanya ukae kimya muda mrefu, ni mabishano kuhusu bomba.

Nilikuomba usiisikilize kwa sababu nyingine, nitakuja kuisema. Lakini kwanza nijibu, na usinijibu kwa mzaha. Baba, unasikia?

Sikuulizi kwa hasira. Nimekaa nikakumbuka likizo iliyopita. Nilipokuita kutoka mlangoni pa karakana ukaendelea kupiga randa, nikasema ni kelele za mashine. Mashine ilikuwa imezimwa.

Kasuku

22 Septemba 1991

Binti wa kaka yangu,

Mimi shangazi yako. Hujambo na wanao. Nimerudi kutoka kwa mwanangu, mtoto ni mzuri, ana kelele kama wewe.

Nimemkuta baba yako amenuna. Barua yako iko chini ya kopo la gundi, na kila nikiisogelea anaanza kupiga msasa kitu ambacho kimekwisha kupigwa msasa. Mwezi mzima hajakuandikia. Basi nimeisoma, na nimeona nikuandikie mimi, maana nami nina hatia.

Kaka yangu hasikii. Sikio la kushoto lilikwenda zamani, la kulia limefuata pole pole. Ni zile mashine. Kaseti zako zote nilikuwa nasikiliza mimi, namwambia kwa karibu, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wanapata mahubiri ya bure. Yeye anakuandikia. Niliposafiri nilimwambia, ikija kaseti subiri nirudi. Hakusubiri. Alitaka kukujibu upesi kwa sababu ulikuwa unangoja bodi. Akasoma barua yako kwamba ni habari ya mwana aliyerudi nyumbani, akabuni mengine.

Usimkasirikie. Au mkasirikie kidogo, halafu mwandikie.

Shangazi yako

13 Oktoba 1991

Kasuku,

Marahaba. Shangazi yako amenipokonya msasa na kunipa kalamu.

Ni kweli. Kaseti ya kwanza niliisikia nusu. Ile ya mwaka uliofuata, robo. Tangu mwaka juzi sisikii kitu. Naketi mbele ya redio na kutazama yale magurudumu mawili madogo yanavyozunguka, moja linajaa na jingine linapungua. Upande mmoja ukiisha naugeuza. Kanisani nacheka wenzangu wakicheka na kusimama wakisimama. Siku moja nilisimama peke yangu, kumbe aliyekuwa mbele yangu alikuwa anajikuna tu mgongo kabla ya kutoka nje.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Kuna aibu, siwezi kuikana. Fundi anayejisifu kwamba anajua mbao iliyooza kwa kuigonga, sasa anagonga na hasikii. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni wewe. Mtoto wangu mmoja tu, akaenda kuchagua kazi ya kusema. Niliogopa ukijua utaacha kunitumia. Ungesema, ya nini kumsumbua mzee. Nami nilizitaka kaseti. Bahasha ikija najua kuna kitu umenifanyia, hata kama sijui ni kitu gani.

Kukudanganya ndiko kunakoniuma. Nisamehe. Na yule mwalimu wa maadili mwambie nimesifu sana sauti yake.

Baba yako,
Fundi

27 Oktoba 1991

Baba,

Shikamoo. Nilianza kumsomea baba watoto barua yako mezani, nikashindwa kuimaliza, akanimalizia yeye. Mwalimu wa maadili nimemfikishia sifa. Ameona fahari, na bado mlango haujawekwa.

Sasa zamu yangu. Wewe si mwongo peke yako katika ukoo huu. Kwenye kaseti ile, kabla ya mabati na vyoo, kuna dakika tatu ambazo nilikuomba usizisikilize. Ni makamu wa mkuu anatangaza kwamba bodi imemchagua mwalimu wa historia ya kanisa kuwa mkuu wa chuo. Anaeleza kwamba walinifikiria mimi pia, ila wameona mwalimu wa mahubiri anajua kusema, na chuo kinahitaji mtu wa kutenda. Kisha ninasikika mimi nikimpongeza mwenzangu, kwa sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Hayo yalitokea tarehe kumi na sita mwezi wa saba. Tarehe ishirini na moja nilikuandikia kwamba bodi bado inafikiri. Ulikwisha kuweka mbao pembeni, ningekuambiaje?

Kwa hiyo tumelingana. Wewe ulijifanya unasikia, mimi nilijifanya sina la kusikitikia.

Kaseti nimeacha. Kuanzia leo nitakuandikia kila mahubiri wiki tatu kabla sijahubiri, neno kwa neno kama nitakavyosema, na wewe utayapitia na kunirudishia. Usinionee haya. Nina madigrii ya kutosha, nahitaji fundi.

Kasuku

24 Novemba 1991

Kasuku,

Marahaba. Kuhusu bodi sina neno zuri, kwa hiyo nitakuwa mfupi: wamekosea vipimo. Zile mbao nimeziuza kwa mtu aliyetaka kitanda. Usihuzunike, mbao nyingine zipo.

Mahubiri nimeyapitia kwa penseli ya kazini, ndiyo maana herufi ni nene. Uliniambia nisikuonee haya, basi sikukuonea. Ukurasa wa kwanza umepiga misumari mitatu mahali pa mmoja. Ukurasa wa pili aya nzima ni vumbi la mbao, ifagie. Neno hili nililopigia duara sikulielewa, nikamuuliza mchungaji wetu, naye hakulielewa ila aliitikia kwa kichwa. Lakini pale uliposema yule mama mjane alihesabu hatua zake mpaka mlangoni, hapo nilizima mashine nikasoma tena. Hapo pasiguswe.

Kumbe ndivyo unavyohubiri. Miaka mitatu shangazi yako alikuwa ananipa mifupa tu, nyama anakula yeye.

Fundi

8 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo. Shangazi ameniandikia kuhusu kifaa chako kipya cha masikio. Anasema kinapiga mluzi kanisani wakati wa sala, na kwamba unasikia vijiko vyote vya nyumba ila watu huwasikii. Kivumilie mwezi mmoja. Kikishindikana kiweke kabatini, mimi na wewe tuna penseli.

Nikusimulie tulichofanya darasani. Nimekuwa nikifikiria unavyotazama midomo ya watu, na nikaona tunafundisha sauti tu, kama vile mhubiri hana uso. Basi maktaba yetu ina dirisha moja kubwa la kioo. Nikamweka mwanafunzi ndani, nikafunga, darasa zima nikalipeleka nje kwenye majani. Kazi ya aliye ndani ni kuhubiri dakika tano. Kazi ya walio nje ni kuandika wameona nini.

Bahati ikamleta Radi. Sasa ni mchungaji mwenye kanisa kubwa na suti mbili, alikuja kututembelea, akaomba kujaribu. Akaunguruma ndani ya kioo, mkutubi ameziba masikio. Alipotoka nilisoma majibu ya nje. Karibu wote waliandika: amekasirika, hatujui kwa nini. Alikuwa amehubiri juu ya furaha.

Ningemwona anacheka ningemwacha. Lakini alikaa kwenye ngazi ya maktaba akaniuliza, miaka hii yote watu wangu wananiona hivi? Nikamwambia nenda ndani tena, safari hii mwambie mtu mmoja tu, mchague wewe. Alimchagua mwanamke anayefagia njia, ambaye alikuwa amesimama nje na ufagio wake akishangaa. Alimwambia taratibu, mikono imetulia. Yule mwanamke alikuwa wa kwanza kusema. Alisema, kuna mtu ameonekana tena baada ya kupotea, na huyu bwana amefurahi.

Vyuo viwili vimeandika kuniuliza tunafanyaje. Nimewajibu kwamba njia hii tumeipata kwenye karakana moja, na mwenye karakana hana anwani ya chuo kikuu.

Na habari ndogo: mkuu wetu wa historia amenipa uenyekiti wa kamati ya majengo. Hakuna aliyeitaka.

Kasuku

18 Februari 1996

Baba,

Shikamoo. Safari hii hakuna kusema bodi inafikiri. Imekwisha kufikiri.

Mkuu wetu anaondoka kwenda kuongoza kanisa lake nyumbani kwao. Niliitwa Ijumaa, meza ndefu, watu tisa, maji ya kunywa ambayo hakuna anayeyagusa. Waliniuliza mengi ya busara. Halafu mjumbe mmoja, nadhani ndiye aliyesema mwaka ule kwamba chuo kinahitaji mtu wa kutenda, akavua miwani akauliza mwalimu wa mahubiri anaweza nini zaidi ya kusema.

Nilikuwa na jibu refu. Nikakumbuka penseli yako. Nikamwambia: “Vyoo vyote vinafanya kazi.”

Mwenyekiti akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukafuata. Yule mjumbe naye alicheka, wa mwisho. Waliniambia nitoke nje nisubiri. Sikumaliza hata kusoma matangazo ya ukutani wakaniita.

Kwa hiyo, Baba, mimi ni mkuu wa chuo. Nimeandika nikaona ni kweli. Kusimikwa ni tarehe nne mwezi wa tano, na mahubiri nitatoa mimi mwenyewe. Nitahubiri habari ya yule kiziwi ambaye Yesu alimtoa pembeni, mbali na umati. Safari hii sikutumii karatasi. Nataka uje uyapate papo hapo. Nimekuwekea nafasi benchi la mbele upande wa kushoto, ambako mwanga wa dirisha unaniangukia usoni.

Kasuku

12 Mei 1996

Mheshimiwa mkuu wa chuo,

Marahaba. Tumefika salama, shangazi yako na kofia yake. Alikalia kofia ya mtu mwingine kwenye basi, lakini walipatana.

Sijapata siku kama ile. Nilipitisha mkono kwenye mabenchi ya kanisa lenu, yametengenezwa na mtu anayejua kazi. Yule mzee wa kikohozi alikuja kunisalimia, akaniambia maneno mengi. Sikupata hata moja, ila niliona macho yake yamelowa, nikamshika mkono. Radi amenikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Sasa nikuambie ukweli, maana tulikwisha kuacha kufichana. Ulipopanda kile kibao na kunitazama, nilikufuata. Nilipata neno kwa neno. Ulivyoeleza kwamba mtu yule aliishi miaka mingi katikati ya watu wanaopiga kelele, na yeye akiitikia kwa kichwa, nilipata. Ulivyosema alishikwa mkono na kutolewa pembeni, wawili tu, nilipata. Halafu ukawageukia kwaya. Sikuona tena ila kisogo chako na kola ya joho. Nilitazama saa yangu: dakika nne. Na katika dakika hizo, kanisa zima lilinigeukia mimi. Mwenyekiti wa bodi akatoa leso. Shangazi yako akalia kwa sauti, nadhani, maana nilihisi benchi likitikisika.

Ulipogeuka nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata yote. Samahani, ni mazoea.

Nimemuuliza shangazi yako njia nzima ulisema nini. Amekataa kata kata. Anasema safari hii hanipi mifupa, mwenye mahubiri atanipa mwenyewe.

Ulisema nini?

Baba yako,
Fundi

26 Mei 1996

Baba,

Shikamoo. Niligeuka makusudi. Sehemu hiyo sikuweza kuisema huku nikikutazama, ningekwama. Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo nikakwama, na kwenye kioo nilikuwa mimi tu.

Niliwaambia kwamba nina baba seremala. Kwamba nilimtumia mahubiri yangu kwenye kaseti, naye akapoteza masikio bila kuniambia. Kwamba kila Jumapili mchana aliketi mbele ya redio, akabonyeza kitufe, akatazama magurudumu yanazunguka mpaka upande wa kwanza ukaisha. Akaugeuza. Akakaa tena mpaka wa pili ukaisha. Hakuna aliyemlazimisha, na kama angeinuka nisingejua kamwe.

Niliwaambia kwamba nimehubiri mbele ya maaskofu na maprofesa wenye masikio mazima, na wengi wao niliwaona wakitazama saa. Nikasema sijui kama kuna mtu aliyewahi kunisikiliza kama alivyonisikiliza baba yangu miaka ile ambayo hakusikia neno.

Kisha nikawaambia wanafunzi kwamba chuo hiki, nikiwa mkuu wake, kitawafundisha kusema, ndiyo, lakini kwanza kitawafundisha kukaa hivyo mbele ya mtu. Nilitaka kuongeza jambo la kisomi, kwa sababu bodi ilikuwepo. Halikuja. Nikasimama tu pale nikifuta pua kwa mkono wa joho jipya, kwaya inanitazama kwa huruma. Basi nikageuka, nikakuona unaitikia kwa kichwa.

Hayo ndiyo yote, dakika nne. Sasa umeyasikia.

Binti yako,
Kasuku